Akeley, Fundi Aliyewasimamisha Ndovu Waliokufa

Mtu wa kwetu akibahatika kufika mji wa Chicago kule Marekani, na akaingia katika Jumba la Makumbusho la Field, kitu kitakachomfanya asimame kwanza ni ndovu madume wawili wanaopigana katika ukumbi mkubwa. Masikio wameyatandaza, pembe zimekutana, na ngozi zao zina mikunjo kama ya ndovu aliyetoka kujigaragaza matopeni asubuhi hiyo hiyo. Mgeni hana budi kujiuliza kama kweli wamekufa. Wamekufa, tena zamani sana. Waliuawa hapa petu katika safari ya 1905 na 1906, wakati nchi hii ilipokuwa bado ikiitwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, na wamekuwa wakitazamwa na watu tangu 1909.

Fundi aliyewasimamisha alikuwa Carl Ethan Akeley. Huko kwao huitwa baba wa ufundi wa kisasa wa kuhifadhi wanyama waliokufa. Huku kwetu jina lake halitajwi sana, ingawa nusu ya sifa zake alizipata katika ardhi yetu, na nusura aiache roho yake kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei, 1864, katika shamba moja la Clarendon, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali. Mtoto huyu hakupenda jembe. Alipenda ndege, na alipenda kuwatazama kwa muda mrefu kuliko mtoto wa mkulima anavyoruhusiwa kutazama ndege. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, rafiki mmoja wa familia yao alifiwa na ndege wake wa kufugwa, yule mdogo wa manjano aitwaye kanari. Akeley alimchukua maiti yule, akamchuna, akamjaza, akamrudisha kwa mwenyewe akiwa amekaa kama aliye hai. Basi ndivyo ufundi wake ulivyoanza, nyumbani, juu ya meza, kwa kisu kidogo na huzuni ya jirani.

Mwaka wa 1883 aliajiriwa katika karakana ya Profesa Henry Ward mjini Rochester, ambayo wakati huo ilikuwa maarufu kuliko zote Marekani kwa kuuzia majumba ya makumbusho wanyama na mifupa. Mshahara wake ulikuwa dola tatu na nusu kwa juma. Alikwenda akidhani amefika kwa mabingwa, lakini aliyoyakuta yalimvunja moyo.

Hapa yafaa tueleze kidogo kazi hiyo ilivyokuwa ikifanywa siku hizo, maana bila ya kujua hayo mtu hawezi kufahamu Akeley alifanya nini. Mnyama alikuwa akichunwa, ngozi ikatiwa chumvi na sumu ya aseniki ili wadudu wasiile. Kisha mifupa ya miguu ilifungwa kwenye vyuma, ngozi ikaning'inizwa miguu juu, na kupitia tundu la tumboni mafundi wakaishindilia nyasi kavu, matambara na vumbi la mbao mpaka ikavimba. Walikuwa wakiijaza kama mtu ajazavyo gunia la makaa. Matokeo yake yalikuwa pundamilia mwenye tumbo la pipa, simba mwenye uso wa paka aliyeshiba, na swala ambaye shingo yake haikuwa na mshipa hata mmoja. Hakuna aliyeona haya kwa kazi hiyo. Wanunuzi walikuwa hawajapata kumwona pundamilia wa kweli, kwa hiyo hawakuwa na la kulalamikia.

Akeley aliona haya. Alikuwa akitoka kazini usiku na kujaribu mambo yake mwenyewe, lakini karakana ya Ward ilikuwa ya biashara, na biashara ilitaka kazi iishe upesi.

Bahati yake ilikuja kwa ajali ya garimoshi. Mwezi wa Septemba 1885, ndovu mashuhuri kuliko ndovu wote wa wakati ule, Jumbo, aligongwa na garimoshi katika mji wa St. Thomas nchini Canada, akafa papo hapo. Jumbo alikuwa mzaliwa wa Afrika. Alikamatwa akiwa mtoto, akapelekwa Ulaya, akakaa miaka mingi katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka wa 1882 akanunuliwa na mwenye sarakasi wa Kimarekani, P. T. Barnum. Barnum hakukubali kifo kimpokonye chombo chake cha kuchumia. Aliagiza Jumbo atengenezwe ngozi upande mmoja na mifupa upande mwingine, apate ndovu wawili badala ya mmoja. Kijana Akeley alikuwa mmoja wa mafundi waliopewa ngozi hiyo, iliyokuwa na uzito wa karibu kilo 700. Walijenga umbo la mbao na chuma lenye nguvu, wakaivisha ngozi juu yake. Barnum alitaka Jumbo aonekane mkubwa kuliko alivyokuwa, na ngozi ikavutwa ipasavyo. Tajiri ndiye aliyekuwa akilipa.

Huyo Jumbo wa ngozi alizungushwa na sarakasi, kisha akapewa chuo kikuu cha Tufts karibu na mji wa Boston. Huko alikaa mpaka Aprili 1975, moto ulipoliteketeza jengo lake. Kilichobaki ni mkia, ambao ulikuwa umetolewa kabla, na jivu kidogo ambalo mfanyakazi mmoja wa chuo alilizoa na kulitia katika chupa tupu ya siagi ya njugu. Chupa hiyo imehifadhiwa mpaka leo, na wanamichezo wa chuo wamekuwa wakiigusa kutafuta bahati.

Mwaka wa 1886 Akeley alihamia mji wa Milwaukee. Huko katika jumba la makumbusho la mji alipata nafasi ya kufanya alilolitaka. Mnamo 1890 alimaliza kazi ndogo iliyoonyesha panya-maji wa Kimarekani katika kinamasi chao, wengine nje, wengine chini ya maji, mmoja ndani ya nyumba yake ya majani, na nyuma yao picha iliyochorwa ya mahali wanapoishi. Kazi hiyo ipo mpaka leo. Siku hizi twaona jambo hilo la kawaida. Wakati ule mnyama wa makumbusho alisimama juu ya ubao mtupu wenye jina, kama mshtakiwa kizimbani.

Katika miaka hiyo na iliyofuata, baada ya kuhamia Chicago 1896, ndipo njia yake mpya ilipokomaa. Akeley aliacha kabisa kujaza ngozi. Alianza kwa kumpima mnyama pale pale alipoangukia, kipimo baada ya kipimo, akampiga picha, akachukua kalibu ya plasta ya uso. Akirudi karakanani alisimamisha mifupa yenyewe, au mfano wake wa mbao, katika namna mnyama huyo anavyosimama au kukimbia. Juu yake akafinyanga kwa udongo kila msuli na kila mshipa, kama mchonga sanamu. Kisha akaifunika sanamu hiyo kwa plasta kupata kalibu, na ndani ya kalibu akatengeneza umbo jepesi lenye uwazi kwa karatasi, gunia laini, wavu wa waya na gundi. Umbo hilo ndilo lililovishwa ngozi, nayo ngozi ilikuwa imedabaghiwa vizuri badala ya kukaushwa tu. Haikuwa na nyasi wala unyevu ndani, wala mahali pa wadudu kujificha. Ndiyo maana kazi zake hazikupasuka wala kukunjamana kama za wenzake.

Kwa ndovu kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ngozi yake ni nene mno na haipindiki. Ilibidi ichongwe upande wa ndani kwa visu, kidogo kidogo, mpaka ikawa nyembamba ya kutosha kufuata umbo lililofinyangwa. Mtu akikosea kisu kikapita, tundu hilo litaonekana milele.

Hakufanya hayo peke yake. Mkewe, Delia, alikuwa fundi mwenzake tangu siku za Milwaukee. Kwa miaka mingi walishughulikia kazi ya kulungu wa Kimarekani katika majira manne ya mwaka, na majani ya miti yao, maelfu kwa maelfu, yalifinyangwa kwa nta moja moja. Mkono wa Delia ulikuwa katika majani hayo. Walioana 1902, mwaka kazi hiyo ilipomalizika. Vitabu vingi humtaja mama huyu kwa mstari mmoja na kupita, jambo ambalo si haki, kama msomaji atakavyoona.

Afrika aliiona kwa mara ya kwanza 1896, alipofuatana na Profesa Daniel Elliot wa Chicago katika nchi ya Wasomali. Huko ndiko kulikotokea kisa ambacho Wamarekani hawachoki kukisimulia. Jioni moja, kiza kikiingia, Akeley alimpiga risasi chui bila kumwona sawasawa. Chui alijeruhiwa tu, akamrukia. Bunduki ikaanguka. Alimng'ata mkono wa kulia, naye Akeley badala ya kuuvuta mkono aliusukuma ndani zaidi ya koo la mnyama huku akimkaba kwa mkono wa pili, wakaanguka pamoja, akambana mbavu kwa magoti mpaka akafa. Ipo picha yake amesimama kando ya mzoga, mikono imefungwa bendeji, uso hauna majivuno yoyote. Chui mwenyewe alikuwa jike wa kadiri, si mkubwa. Hilo watu hawapendi kulitaja.

Safari ya 1905 ndiyo iliyomleta kwetu, pamoja na Delia. Walikaa zaidi ya mwaka mmoja wakiwinda kwa ajili ya Chicago. Wale ndovu wawili tulioanza nao, mmoja aliuawa na Akeley na mwingine aliuawa na Delia.

Katika safari hiyo alijiunga nao kijana wa Kikuyu wa miaka kama 13, aitwaye Wimbia Gikungu. Walimwita Bill, kwa kuwa Wazungu wa siku zile walikuwa na uvivu wa kujifunza majina ya watu. Alianza kama toto wa hemani, akapanda akawa mbeba bunduki na mfuata nyayo ambaye Akeley alimwamini kuliko mtu yeyote porini. Katika kitabu chake cha 1923, Akeley alitoa sura nzima kumwelezea Wimbia. Ni sifa kubwa, ingawa sura yenyewe inaitwa Bill. Ukienda New York leo utasoma majina ya matajiri waliolipia safari. Jina la aliyejua ndovu amepita saa ngapi kwa kutazama jani lililokanyagwa halipati kibao.

Mwaka wa 1909 Akeley alichukuliwa na Jumba la Makumbusho la Historia ya Viumbe la New York, akarudi tena huku kutafuta kundi la ndovu. Katika uwanda wa Uasin Gishu alikutana na aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliyekuwa katika safari yake kubwa ya uwindaji. Roosevelt alimpigia ndovu jike mmoja kwa kundi hilo, na mwanawe Kermit akampiga mtoto. Akeley bado alitaka dume linalofaa, naye alikuwa mtu wa kuchagua. Aliweza kufuata ndovu kwa siku nyingi na kuwaacha waende kwa sababu pembe hazikumridhisha.

Katikati ya 1910, kwenye misitu ya Mlima Kenya, mambo yaligeuka. Alikuwa akipasha mikono joto kwa baridi ya mlimani, bunduki ikiwa tayari kupokelewa, ndovu alipomtokea ghafula kutoka nyuma. Bunduki ilikataa. Akajiona kifuani kwa mnyama, katikati ya pembe mbili, akazishika moja kwa kila mkono. Ndovu alimlaza chini na kushuka naye kumwua, lakini pembe zilizama ardhini zikakutana na kitu kigumu, jiwe au mzizi, zikakwama. Uzito wote haukumfikia. Ulimfikia wa kutosha hata hivyo. Mbavu zilivunjika, pua ikavunjika, shavu likachanika mpaka meno yakaonekana. Ndovu alimwacha na kuwafukuza wapagazi.

Waliporudi walimkuta hajitikisi, wakaamini amekufa. Wakawasha moto kando yake na kupeleka habari kambini kwa Delia. Akeley alilala pale kwa saa nyingi katika mvua na baridi mpaka akazindukana. Delia alipopata habari hakungoja asubuhi. Aliwaamsha wapagazi, akashika njia ya msituni usiku ule ule, njia za ndovu katika giza na matope, akamfikia mumewe alfajiri akiwa angali hai. Lau mama huyo angalikuwa wa kukaa na kulia kambini, leo hii tusingalikuwa na cha kuandika.

Akeley alilala miezi kadhaa akijiuguza. Alipokuwa kitandani, ndipo alipopata wazo la kazi ya maisha yake, yaani ukumbi mmoja mkubwa wa Afrika, wenye ndovu katikati na vyumba vya vioo kuzunguka pande zote, kila chumba na wanyama wa mahali fulani hasa, pamoja na miti yake, mawe yake, na mlima wake nyuma. Aliamini kwamba wanyama hao walikuwa mbioni kutoweka, na kwamba watoto wa kesho watawaona humo tu.

Njiani alibuni mambo mengine. Alipokuwa Chicago, jengo la makumbusho lilibomoka rangi na plasta, akatengeneza mashine ya kurusha saruji kwa nguvu za hewa. Mashine ya namna hiyo ndiyo hutumiwa mpaka leo kuzuia kuta za mahandaki na mabwawa zisiporomoke. Aliona kamera za sinema za siku zile hazimfuati mnyama anayekimbia, akaunda ya kwake, akaipatia hati ya ubunifu 1915. Watengenezaji wa sinema waliigombania.

Tuache karakana ya bwana huyu kwa muda, tuingie nyumbani kwa watu. Wakati Akeley akifanya mambo hayo makubwa, Wazungu wengi waliowinda katika nchi hii walikuwa wakichukua ngozi na vichwa kwenda kutundika ukutani. Mfano mashuhuri ni wa wale simba wawili wala watu wa Tsavo, walioua wajenzi wa reli mwaka wa 1898. Kanali Patterson aliyewaua aliwatandika sakafuni nyumbani kwake kama mazulia. Kwa miaka kama 25 simba walioitisha reli nzima walikanyagwa kwa viatu. Mwaka wa 1924 aliwauzia Makumbusho ya Field kwa dola 5,000. Fundi wa huko, maana Akeley alikuwa amekwisha ondoka, alipata taabu kubwa kuzisimamisha ngozi zile zilizokatwa pembeni na kuchakaa. Ndiyo sababu simba wa Tsavo walioko Chicago ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Wageni huwatazama na kuguna, wakidhani Patterson alitia chumvi.

Kwa hakika adui wa mnyama aliyehifadhiwa nyumbani ni yule yule popote. Jua la dirishani hupausha manyoya kabla ya miaka mingi kupita. Moshi wa jikoni na wa moto wa kuota humtia mafuta, mafuta yakashika vumbi. Unyevu hutia ukungu, na ukavu uliozidi hupasua ngozi penye midomo na macho. Kisha kuna nondo na wale vijidudu weusi walao ngozi, ambao hutaga mayai chini ya manyoya, na mwenyewe hatambui mpaka aone vinyweleo vimeanguka chini kama unga. Watunzaji wa makumbusho huvunga kitu hicho katika plastiki na kukigandisha katika friji la barafu kali kwa juma moja au mawili ili kuwaua. Vumbi huondolewa kwa brashi laini kufuata manyoya yalivyolala. Macho ya kioo hufutwa kwa pamba yenye unyevu kidogo. Mafuta hayapakwi kamwe. Na ngozi za zamani zishikwe kwa glavu, mikono ikaoshwa, watoto wasizichezee, kwa maana aseniki iliyotiwa enzi za babu ingali mle ndani na haikupungua nguvu.

Nimewahi kuona kichwa cha nyati katika baa ya mahali fulani barabarani, kimetobolewa na nondo, sikio moja limekatika, na walevi wamekitia sigara mdomoni. Mwenye baa aliniambia kimekuwapo kabla hajainunua. Sikudiriki kumwuliza kuhusu kibali, ingawa sheria yetu haimruhusu mtu kuweka kichwa, ngozi au pembe ya mnyama wa porini bila ya hati ya serikali. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na pembe ikafuata. Ufundi huu hapa Nairobi ulififia kwa hayo. Wakazi wa mtaa wa Zimmerman, kando ya barabara ya Thika, wengi wao hawajui kwamba jina la mtaa wao limetokana na fundi wa kuhifadhi wanyama, Paul Zimmermann, ambaye karakana yake ilijulikana na wawindaji wa ulimwengu mzima.

Sasa turudi kwa Akeley, tumkute 1921, akiwa na miaka 57, kwenye volkeno za Kivu katika Kongo ya Wabelgiji. Alikwenda kutafuta sokwe wakubwa wa milimani kwa ukumbi wake. Wakati huo hadithi zilizovuma zilisema kwamba sokwe huyo ni shetani wa msituni, mteka wanawake na mrarua watu. Akeley alipanda Mikeno na Karisimbi akiwa na bunduki na kamera yake. Alipata sokwe watano kwa ukumbi. Akapata pia picha za sinema za sokwe wa milimani wakiwa huru porini, za kwanza kabisa kupigwa.

Lakini jambo jingine lilimpata huko. Alipomkalia mmoja wa wanyama wale waliokufa na kuutazama uso wake ili achukue kalibu ya plasta, kama alivyofanya kwa mamia ya wengine, alijiona mwuaji. Aliandika hivyo yeye mwenyewe baadaye, bila ya kujificha. Aligundua kwamba mnyama yule hakuwa na vita na mtu. Alikuwa mpole, mla majani, mwenye kulinda jamaa zake. Wawindaji wengi walisikia haya baada ya kazi yao kwisha na kupata sifa, na hilo twaweza kumdai Akeley pia, kwani sokwe watano hawakurudi. Tofauti ni kwamba yeye hakuishia kwenye majuto. Alirudi akawashawishi wakubwa wa Ubelgiji, mpaka Mfalme Albert, eneo lile litengwe na sokwe wasiguswe tena. Mwezi wa Aprili 1925 ikatangazwa Mbuga ya Taifa ya Albert, ya kwanza ya namna yake barani Afrika. Sehemu zake leo ni Virunga ya Kongo na Mbuga ya Volkeno ya Rwanda. Sokwe wa milimani walio hai leo wanazidi 1,000.

Nyumba yake ilikuwa imevunjika wakati huo. Yeye na Delia waliachana 1923. Delia alirudi Afrika peke yake mwaka uliofuata kwa niaba ya makumbusho ya Brooklyn, akapanda Mto Tana kwa mtumbwi, akavuka mpaka Kongo na kukaa na Wambuti wa msitu wa Ituri. Akeley alioa mke wa pili, Mary Jobe, 1924.

Mwaka wa 1926 akaja kwa mara ya mwisho, safari hii pamoja na George Eastman, tajiri wa kamera za Kodak, na wachoraji wa kumchorea mandhari. Walipiga kambi Lukenya, vile vilima tuvionavyo tukienda Mombasa, wakachukua mbuzimawe na picha ya majabali yake. Nyati wakatoka Tana. Akeley hakuwa na siha. Mwili uliopondwa na ndovu 1910 ulikuwa umemkomboa kwa miaka 16 na sasa ulichoka. Akalazwa Nairobi kwa muda. Daktari na rafiki wakamsihi apumzike, lakini alitaka kuyaona tena yale majabali ya Mikeno, ili mchoraji wake William Leigh ayachore kutoka pale pale kwa ajili ya chumba cha sokwe.

Walipita Uganda wakaingia Kongo na kupanda mlima katika mvua. Wengine wamesema alibebwa sehemu ya njia. Kwenye uwanda wa Kabara, kambi yake ya zamani, alizidiwa na homa na kuhara, akafa tarehe 17 Novemba, 1926. Walimchimbia kaburi katika mwamba mle mle. Mary Jobe alibaki majuma kadhaa mlimani, akasimamia picha zichorwe na mimea ikusanywe, kisha akarudi New York na mizigo yote.

Ukumbi aliouota Akeley ulifunguliwa tarehe 19 Mei, 1936, siku ambayo angalitimiza miaka 72. Una vyumba vya vioo 28. Katika kimojawapo sokwe dume wa Karisimbi anajipiga kifua, na nyuma yake ni ile ile Kabara aliyozikwa mwenye kumsimamisha. Wanyama wote wa vyumba hivyo wamezibwa nyuma ya vioo, mbali na vumbi na mikono ya watu. Ndovu wanane wa katikati hawana kioo. Wamesimama wazi, wakiongozwa na lile dume, na mara kwa mara watunzaji hupanda ngazi na brashi laini na mashine ya kuvuta vumbi, wakaanza juu ya mgongo na kuteremka taratibu kufuata mikunjo.